Kabla hujasia nyanya za kipupwe kwenye kinyungu

Huku Njombe na Mafinga, mvua zikishakatika watu wengi tunashuka mabondeni kulima vinyungu, yaani bustani za bondeni penye unyevu, na nyanya hutuvutia kwa bei yake. Lakini kabla hujanunua mbegu, hesabu siku. Mche hukaa kitaluni wiki 4, na kwenye baridi hufika hata wiki 6. Ukishahamia shambani, maua huanza baada ya mwezi hivi. Ukisia mwezi wa nne, maua yanaangukia Juni na Julai, na hapo ndipo kilio kilipo. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 13 hivi, chavua hudhoofika na ua halishiki tunda. Utaona kifundo kidogo kwenye kikonyo cha ua kimegeuka njano. Ukigusa tu, ua linadondoka. Hakuna mbolea ya kulirudisha. Kama umechelewa, afadhali uvumilie usie mwishoni mwa Juni, maua yakutane na joto la Septemba.

Ukiamua kupanda hivyo hivyo, chagua mahali kwa makini. Hewa ya baridi ni nzito, usiku huteremka kilimani kama maji na kutuama bondeni, palepale penye kinyungu. Nenda alfajiri usimame hapo, kisha tembea kama hatua hamsini kuelekea juu. Mwili wenyewe utakuambia tofauti. Mwenye pampu na mpira mrefu aweke nyanya ubavuni mwa kilima, bondeni aache kabichi na njegere, maana hizo huvumilia.

Angalia pia jirani yako amelima nini. Bakajani chelewa, ugonjwa unaounguza majani, ya viazi mviringo ndiyo hiyo hiyo ya nyanya, na hupenda ubaridi na majani yaliyolowa. Mimi niliwahi kuweka nyanya chini ya shamba la viazi lililokuwa limeshaanza kuungua. Asubuhi moja yenye ukungu niligeuza jani nikakuta mabaka meusi, na pembeni yake utando mweupe kama unga. Ndani ya wiki mbili nilikuwa ninang'oa. Tangu hapo, miti ya kusimikia huwa tayari kabla ya miche, mche na mche nusu mita ili hewa ipite, na mankozebu, dawa ya kukinga ugonjwa huo, napiga kabla haujaingia, kwa kipimo cha kwenye pakiti. Ukisubiri mabaka, umeshachelewa.

Maji mwagilia asubuhi, kwenye shina. Ukimwagilia jioni, majani yanalala yakiwa yamelowa.

Miche ikiwa na rangi ya zambarau chini ya majani, usikimbilie kuongeza mbolea. Rangi hiyo ni dalili ya kukosa fosforasi, lakini mara nyingi ipo, ila udongo una baridi na mizizi haiwezi kuinyonya. Samadi iliyooza vizuri uichanganye mapema, kisha subiri jua.

Na uandae mahali pa kuivishia, kwa sababu baridi ikikaza nyanya inaweza kukaa wiki nzima bila kubadilika rangi, huku ugonjwa ukiisogelea. Ikianza tu wekundu kidogo kitakoni, chuma. Panga kwenye boksi tabaka moja, weka ndizi mbivu katikati, funika, uweke ndani kwenye chumba chenye joto kidogo, kama karibu na jiko. Kila siku toa iliyoanza kulainika.