Namna ya Kusoma Wosia wa Mlowezi wa Marekani Enzi za Ukoloni

Mwongozo huu ni wa msomaji anayetaka kufuatilia jinsi mali ilivyorithishwa katika makoloni ya Waingereza huko Amerika Kaskazini kabla ya 1776. Kielelezo chetu kikuu ni wosia wa William Mullins, mfanyabiashara wa viatu kutoka Dorking, Uingereza, aliyefika koloni la Plymouth kwa meli ya Mayflower mwaka 1620 na kufariki katika majira yaleyale ya baridi. Nimeuchagua kwa sababu ni mfupi, na kwa sababu unathibitisha jambo ambalo kila anayezisoma hati hizi hana budi kulishika: wosia haukuandikwa ili kueleza mali yote ya mtu, bali kueleza yale tu ambayo sheria isingeyafanya yenyewe.

Hatua ya 1: Tafuta jalada zima

Usiridhike na ukurasa wa wosia. Jalada kamili huwa na wosia, uthibitisho wa mahakama, orodha ya mali iliyothaminiwa na hesabu za msimamizi wa mirathi. Mahali pa kutafuta hutegemea koloni. Katika Massachusetts baada ya 1692 mirathi ilishughulikiwa kaunti kwa kaunti. Virginia ilitumia mahakama za kaunti. Maryland ilikuwa na mahakama kuu moja ya mirathi hadi 1777. Aliyekuwa na mali Uingereza pia, wosia wake ungeweza kuthibitishwa huko katika mahakama ya Askofu Mkuu wa Canterbury, na ndivyo ilivyokuwa kwa Mullins, Julai 1621. Tovuti ya FamilySearch ina picha za majalada mengi, na kujiandikisha ni bure.

Hatua ya 2: Rekebisha tarehe na majina ya mahali

Hadi 1752 mwaka wa kisheria wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo Mullins, aliyefariki tarehe 21 Februari, aliandikwa kuwa amefariki 1620, ilhali kwa hesabu yetu ni 1621. Majina ya mahali nayo yanadanganya: Mullins anataja mali yake iliyoko “Virginia”, naye yuko Plymouth, kwa kuwa wakati huo jina hilo lilitumika kwa sehemu kubwa ya pwani ile.

Hatua ya 3: Tenganisha ibada na mgawo

Hati nyingi hufunguliwa kwa jina la Mungu, kisha roho hukabidhiwa Muumba na mwili hurudishwa ardhini. Maneno hayo mara nyingi yalikuwa ya mwandishi, kwa hiyo usiyatumie kupima imani ya marehemu. Angalia badala yake nani aliandika na nani alishuhudia. Wosia wa Mullins ulitamkwa akiwa mgonjwa, na majina yaliyo chini yake ni ya gavana John Carver, nahodha wa meli Christopher Jones na Giles Heale, tabibu wa meli.

Hatua ya 4: Chora jedwali la mtu, mali na sharti

Kutoka kwa Mullins utaandika hivi: pauni 40 zilizokuwa mikononi mwa mtu Uingereza zinagawanywa pauni 10 kwa mke, 10 kwa mwanawe Joseph, 10 kwa binti yake Priscilla na 10 kwa mwana mkubwa, William. Nusu ya bidhaa zilizoko Amerika ni ya mke wake Alice, na nusu nyingine ni ya Joseph na Priscilla. Dazeni 21 za viatu na jozi 13 za buti zinatolewa kwa Kampuni, yaani ushirika wa wawekezaji na walowezi wa koloni hilo, kwa pauni 40, zilipwe baada ya miaka 7. William atapata fungu la ardhi, lakini iwapo tu atavuka bahari. Safu ya sharti ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa maana humo utakuta mjane anayepewa nyumba mradi asiolewe tena, au shamba ambalo mrithi analitumia maisha yake yote bila ruhusa ya kuliuza.

Hatua ya 5: Jiulize sheria ingefanya nini pasipo wosia

Hapa ndipo wasomaji wengi hupotea. Massachusetts, kwa kufuata Kumbukumbu la Torati, ilimpa mwana wa kwanza mafungu mawili na watoto wengine fungu moja moja. Virginia ilimpa mwana wa kwanza ardhi yote, na kanuni hiyo haikufutwa hadi 1785. Kwa hiyo Augustine Washington, aliyefariki Virginia mwaka 1743, alipomwachia mwanawe mkubwa Lawrence shamba ambalo baadaye liliitwa Mount Vernon na kumwachia mwanawe mdogo George, mtoto wa miaka 11, shamba la kando ya mto Rappahannock, alikuwa akizuia kwa makusudi kile ambacho sheria ingefanya. Mwana mkubwa asiyetajwa katika wosia wa Virginia huenda hakunyimwa chochote, na binti aliyeachiwa shilingi chache huenda alikwisha kupewa fungu lake alipoolewa.

Mjane alikuwa na haki ya kutumia theluthi ya ardhi ya mumewe maishani mwake, hata kama wosia haukusema neno. Msomaji aliyezoea mirathi ya Kiislamu asiichanganye na theluthi ya wasia: ile ni kikomo cha anachoweza kuusia mtu, na hii ni haki ya mwanamke. Mwanamke mwenye mume hakuweza kwa kawaida kuandika wosia bila idhini ya mumewe, ndiyo maana hati za wanawake utakazozikuta nyingi ni za wajane na wasioolewa.

Hatua ya 6: Waandike watumwa kama watu

Sheria ya Virginia ya 1705 iliwahesabu watumwa kuwa sawa na ardhi katika urithi. Utakuta mwanamke anarithishwa pamoja na “uzao wake”, maana yake watoto ambao hawajazaliwa, na ndugu wanagawiwa warithi wanaoishi mbali. Tengeneza orodha yao peke yake: jina, umri ukitajwa, bei, aliyewarithi, na kila uhusiano wa mama na mtoto. Usiiruke kazi hii hata kama unatafuta ukoo wa mwenye shamba. Kwa vizazi vyao, mara nyingi mstari huo mmoja ndio maandishi pekee yanayomtaja bibi yao kwa jina.

Hatua ya 7: Linganisha na orodha ya mali

Wathamini walipita chumba baada ya chumba wakiandika magodoro ya manyoya, vyombo, ng'ombe na madeni. Pauni ilikuwa na shilingi 20, na shilingi peni 12, lakini pauni ya Massachusetts haikuwa na thamani sawa na ya London, na katika Maryland na Virginia hesabu ziliweza kufanywa kwa ratili za tumbaku. Orodha za New England, yaani makoloni ya kaskazini kama Massachusetts, mara nyingi zilijumuisha ardhi. Za kusini kwa kawaida ziliiacha.

Hatua ya 8: Hakikisha kama wosia ulitekelezwa

Alice na Joseph Mullins walifariki muda mfupi baada ya William, akabaki Priscilla peke yake kule Plymouth, ambaye baadaye aliolewa na John Alden. Tena Mullins aliteua waangalizi lakini hakumteua mtekelezaji, kwa hiyo mahakama ya Canterbury ilimkabidhi usimamizi binti yake Sarah Blunden. Jina la Sarah halimo popote katika wosia wenyewe. Linapatikana tu katika maandishi ya uthibitisho yaliyo chini yake, nayo yameandikwa kwa Kilatini.