Jinsi ya kulinganisha huduma za bure za seva za michezo ukiwa Nairobi

Jioni moja ya likizo ya Agosti, mpwa wangu alikuwa mbele ya kompyuta nyumbani kwangu Umoja, akicheza Minecraft na kuchimba jiwe lilelile mara tatu mfululizo. Kila alipolivunja lilitoweka, kisha likarudi mahali pake kana kwamba halikuguswa. Wenzake, wawili wakiwa Buruburu na mmoja Kisumu, walikuwa wakilalamika kwenye kundi la WhatsApp kuhusu jambo hilohilo, na wote walikubaliana kwamba huduma ya bure iliyokuwa ikituendeshea seva, yaani kompyuta ya mbali inayoishika dunia yetu ya mchezo, ni mbovu. Tukahamia nyingine, tukaibeba dunia yetu pamoja nasi, na jiwe likaendelea kurudi. Siku mbili baadaye ndipo nilipoliona zizi la kuku ambalo mpwa wangu alikuwa amelijenga chini ya ardhi: kuku zaidi ya mia tatu, wote wakitaga, na kila mmoja akiidai seva hesabu yake kila sekunde. Tulipowapunguza hadi ishirini, jiwe lilivunjika mara moja tu.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu watu wengi hulinganisha huduma hizi kwa kusoma sifa zilizotangazwa, au kwa kujaribu dunia mpya isiyo na kitu, na dunia tupu huifanya kila huduma ionekane nzuri. Ulinganisho wenye maana ni ule unaofanywa kwa dunia yenu wenyewe, mkiwa wote ndani, katika saa ambazo kwa kweli huwa mnacheza. Mfano wangu utakuwa Minecraft, kwa kuwa ndio mchezo wenye huduma nyingi za bure kuliko mingine.

Tambua kwanza kinachowachelewesha

Kuna ucheleweshaji wa aina mbili, na dawa ya mmoja haiutibu wa pili. Seva ya Minecraft hupiga hatua 20 kwa sekunde, yaani kila hatua ina milisekunde 50 za kukamilisha kazi yote: mwendo wa wanyama, maji yanayotiririka, mimea inayokua, tanuri zinazowaka. Mashine ikishindwa kumaliza ndani ya muda huo, dunia nzima hupungua mwendo kwa wachezaji wote kwa pamoja. Ng'ombe hutembea kwa kusitasita, mchana hurefuka, na mawe yaliyovunjwa hurudi kwa sababu seva bado haijahesabu hatua za kutosha kukubali kwamba yamevunjika. Kwenye faili la kumbukumbu za seva (log) utaona ujumbe unaoanza na maneno Can't keep up. Huo ndio uchovu wa mashine.

Ucheleweshaji wa umbali ni tofauti. Ng'ombe hutembea vizuri na jua huzama kwa wakati wake, lakini sanduku hufunguka baada ya kungoja kidogo, na upanga unampiga adui mahali alipokuwa, si mahali alipo. Anayeumia ni yule aliye mbali au mwenye mtandao dhaifu. Wenzake huenda wasione lolote. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza kundini ni kama mnateseka wote kwa wakati mmoja au ni mmoja wenu tu.

Umbali wenyewe hauna msamaha. Mwanga ndani ya nyaya za faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 hugharimu angalau milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Kutoka Nairobi hadi Frankfurt, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 6,300. Hadi Johannesburg ni takriban 2,900. Nyaya hazinyooki hivyo, kwani data yetu hushuka kwanza hadi Mombasa ndipo iingie kwenye nyaya za baharini kama SEACOM na EASSy, na ndiyo maana ping halisi, yaani muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi, huwa kubwa zaidi ya hesabu hiyo. Kwa kujenga na kulima, ping ya milisekunde 150 au hata 200 inavumilika. Kwa kupigana baina ya wachezaji haivumiliki, na hakuna mpangilio wa seva utakaoirekebisha.

Namna ya kupima

Tenga jioni mbili za wikendi, kati ya saa mbili na saa nne usiku, kwa kuwa huo ndio wakati ambao foleni za huduma za bure na msongamano wa intaneti ya mtaani hukutana. Pakia dunia yenu kwenye kila huduma mnayoifikiria, kisha mwandike mambo machache kwenye daftari. La kwanza ni muda unaopita tangu mtu abonyeze kitufe cha kuwasha hadi mchezaji wa kwanza aingie. La pili ni ping ya kila mmoja, na hapa usiviamini vijiti vya kijani vilivyo kando ya majina: vijiti vitano humaanisha tu kwamba ping iko chini ya milisekunde 150, kwa hiyo mtu mwenye 20 na mwenye 140 huonekana sawa. Tafuta nambari yenyewe.

Kipimo cha tatu ndicho kinachofichua mengi. Mwambieni kila mchezaji akimbie upande wake, mmoja kaskazini, mwingine kusini, kwa dakika kumi, mpaka kwenye ardhi ambayo haijawahi kukanyagwa. Kutengeneza ardhi mpya ni miongoni mwa kazi nzito kabisa za seva, na mkitawanyika hivyo mnailazimisha ifanye kazi hiyo mara nne kwa wakati mmoja. Kuanzia toleo la 1.20.3, msimamizi anaweza kuandika amri ya /tick query na kuona wastani wa milisekunde kwa kila hatua. Ukiwa chini ya 50 muda wote, mashine inatosha. Ukivuka, punguza view-distance, yaani umbali ambao mchezaji huonyeshwa ardhi, katika faili ya mipangilio ya server.properties kabla ya kuihukumu huduma. Thamani ya kawaida ya 10 humpa kila mchezaji vipande 441 vya ardhi vya kushughulikiwa. Ukiiweka 6, vinabaki 169.

Huduma zenyewe

Aternos, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 2013, ndiyo ninayompa mtu anayeanza. Haitaki kadi wala malipo, inaendeshwa kwa mapato ya matangazo, na inaendesha matoleo yote mawili ya Minecraft: Java, la kompyuta, na Bedrock, linalochezwa pia kwenye simu. Gharama yake mnailipa kwa subira: seva huzima wachezaji wote wakitoka, na kuiwasha saa za msongamano huhitaji kupanga foleni. Plagini na modi, yaani nyongeza zinazobadilisha mchezo, unazichagua kwenye orodha yao, hivyo usiitegemee kama mnatumia modi ya nadra. Kuna kipengele kimoja ambacho wengi hawakitumii, nacho ni kuwapa rafiki ruhusa ya kuwasha seva wenyewe. Bila hicho, kundi zima hungoja mtu mmoja atoke darasani au kazini. Usijaribu kuizuia isizime kwa kuacha mchezaji bandia ndani, kwa kuwa masharti yao yanakataza jambo hilo.

Minehut ni ya Java, na inafaa hasa kwa anayetaka kutembelewa na wageni, kwa sababu wachezaji wanaweza kukupata kupitia ukumbi wao wa pamoja. Kwa kundi la marafiki wanne sioni faida hiyo.

Njia ya tatu ni kukodi kompyuta pepe isiyolipiwa na kuisimika seva mwenyewe. Tangu 2021 kampuni ya Oracle imekuwa ikitoa, katika ngazi yake ya bure ya kudumu, mashine zenye prosesa za Ampere, hadi kori 4 na GB 24 za RAM, na tangu 2022 ina kituo cha data Johannesburg. Kwa mtu wa Nairobi huo ni mchanganyiko wa kuvutia, ila una miiba. Kituo unachokichagua siku ya kujisajili hakibadilishwi baadaye, na mashine za bure hupatikana katika kituo hicho pekee. Usajili unahitaji kadi ya benki, na kadi pepe za matumizi ya mara moja au za kulipia kabla hazikubaliwi. Huenda ukajibiwa kwamba nafasi zimejaa, ukalazimika kujaribu tena siku kadhaa. Mashine inayokaa bila kazi kwa siku saba inaweza kutwaliwa. Ukishaipata, poti 25565, yaani mlango wa mtandao unaotumiwa na Minecraft ya Java, lazima ifunguliwe mahali pawili: kwenye mipangilio ya mtandao ya akaunti yako, na ndani ya mfumo wa mashine yenyewe. Wengi hufungua pa kwanza tu, kisha hukesha wakitafuta kosa lisilokuwepo.

Jambo jingine ni aina ya prosesa. Mashine hizo za Ampere ni za ARM, aina ya prosesa inayotumika pia kwenye simu. Minecraft ya Java huendeshwa humo bila shida, lakini seva rasmi ya Bedrock na ile ya mchezo mwingine, Valheim, zimetengenezwa kwa ajili ya prosesa za x86, zile za kompyuta nyingi za kawaida, na kuzilazimisha kunahitaji programu ya kuigiza ambayo simshauri anayeanza kuigusa.

Google nayo hutoa mashine moja ndogo isiyolipiwa, ya aina ya e2-micro, lakini ina GB 1 tu ya RAM na hupatikana katika vituo vya Marekani pekee. Kwa kazi hii iache.

Seva ya nyumbani

Ikiwa wachezaji wote wako hapa nchini na mmoja wenu ana kompyuta ya mkononi ya zamani yenye GB 8 za RAM, ipeni seva GB 3 au 4 na muipime pamoja na hizo nyingine. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 Kenya ina kituo cha kubadilishana data, KIXP, ambacho huwezesha data ya kampuni moja ya intaneti kufika kwa nyingine bila kuvuka bahari, na kwa kundi letu tofauti ilionekana mara ya kwanza tu mtu aliporusha mshale.

Kikwazo ni anwani. Fungua ukurasa wa ruta yako na uangalie anwani iliyopewa upande wa nje. Ikiwa inaanzia kati ya 100.64 na 100.127, au inatofautiana na ile ambayo tovuti za kuonyesha anwani zinakuonyesha, basi unashiriki anwani na wateja wengine, na kufungua poti kwenye ruta hakutasaidia. Hapo tumieni programu ya Tailscale au ZeroTier, ambazo huwaunganisha wachezaji kana kwamba wako kwenye nyumba moja, na zina kiwango cha bure kinachotosha kundi dogo. Amri ya tailscale ping itakuonyesha kama mnaunganika moja kwa moja au mnapitia seva ya kati. Mkipitia ya kati, pima tena ping kabla ya kufurahi. Betri ya kompyuta ya mkononi itavumilia stima ikipotea, lakini ruta haina betri, hivyo itafutie chanzo chake cha akiba.

Popote seva itakapokaa, washa orodha ya wanaoruhusiwa. Ukizima uthibitisho wa akaunti, mtu yeyote anaweza kuingia kwa jina la msimamizi na kubomoa kila kitu.

Nakala ya dunia

Miaka michache iliyopita nilipoteza dunia ya miezi saba kwenye huduma moja ya bure iliyofungwa bila taarifa niliyoiona. Nilikuwa na nakala, lakini ilikaa ndani ya huduma hiyohiyo. Kwa hiyo kipimo cha mwisho, ambacho kwangu kinaizidi hata ping, ni hiki: pakua dunia, iweke kwenye kompyuta nyingine, na uifungue. Kwenye seva zinazotumia Paper, programu ya seva inayokubali plagini, hakikisha folda za world_nether na world_the_end, zinazobeba dunia mbili za pembeni za Nether na End, zimekuja pamoja na folda kuu, kwa kuwa zisipokuja mtaingia na kukuta kila mlichokijenga huko hakipo. Huduma isiyokuruhusu kufanya hivyo ndani ya dakika chache, ifute kwenye daftari hata kama vipimo vyake vingine vyote ni vizuri. Sisi hupakua kila Jumapili usiku, na zamu ya wiki hii ni ya kijana wa Kisumu.