Kupoza kadi ya grafiki ya mtumba kwenye joto la Mtwara na Lindi

Kadi ya grafiki haiwezi kupoa kuliko hewa inayoivuta. Chumba kikipanda nyuzi 1, chipu nayo hupanda karibu nyuzi 1. Kwa hiyo namba za majaribio yaliyofanywa Ulaya kwenye chumba cha nyuzi 20 hazikusaidii wewe uliye Shangani au Mikindani mwezi wa Januari, kaskazi inavuma na chumba kina nyuzi 31. Kipimo cha kutumia huku ni tofauti: joto la chipu ukitoa joto la chumba. Chipu ya nyuzi 78 kwenye chumba cha nyuzi 31 imepanda 47. Hiyo 47 ndiyo unayoipigania, na ndiyo itakayokuonyesha kama kazi yako imezaa kitu, hata ukipima tena Julai wakati kusi imeleta ubaridi.

Pima kabla ya kugusa bisibisi. Weka kipimajoto cha kawaida karibu na sehemu kasha la kompyuta linapovutia hewa, fungua HWiNFO64 au GPU-Z (programu za kusoma joto la kadi), kisha ipe kadi kazi nzito kwa dakika 20: gemu unalocheza kila siku, au kutoa video ya harusi ya saa nzima. Dakika 5 hazitoshi, kwa sababu hitisinki, yaani chuma chenye mapezi ya alumini kinachopoza chipu, huchukua muda kushiba joto. Andika mambo manne: joto la chumba, joto la chipu, kasi ya feni, na joto la sehemu kali zaidi ya chipu kama kadi yako inalionyesha. Sehemu kali ikizidi joto la kawaida la chipu kwa nyuzi 10 hadi 15, mgusano wa chipu na hitisinki ni mzuri. Ikizidi kwa 25 au zaidi, pesti (uji mzito wa kupitisha joto kati ya chipu na hitisinki) imekwisha au hitisinki haijakaa sawa.

Halafu ondoa ubavu wa kasha na urudie jaribio. Joto likishuka kwa nyuzi 6 au zaidi, tatizo lako kubwa ni kasha linalobana hewa, na kubadilisha pesti hakutaliondoa. Watu wengi huruka jaribio hili la bure, wakaishia kufungua kadi isiyokuwa na kosa.

Anza na umeme

Njia ya uhakika ya kupunguza joto ni kutolizalisha. Umeme unaoliwa na chipu hufuata mraba wa volti, kwa hiyo upungufu mdogo wa volti huleta nafuu kubwa. Kadi ya NVIDIA GTX 1070 ikifanya kazi kwa nguvu hukaa karibu na volti 1.05. Ukiishusha hadi 0.90, chipu inatumia takribani robo tatu tu ya umeme wa mwanzo kwa kasi ileile.

Kwa kadi za NVIDIA tumia programu ya MSI Afterburner. Bonyeza Ctrl na F, mchoro wa volti na kasi utafunguka. Kwanza shusha kasi ya chipu kwa megahezi 200 hivi ili mstari wote ulale chini. Kisha shika nukta ya milivolti 900, ipandishe hadi megahezi 1800, na ubonyeze alama ya kukubali. Nukta zote za kulia zitajilaza usawa wa hiyo uliyoipandisha. Jaribu kwa saa moja. Skrini ikiganda au draiva ikianguka, shusha hadi 1750. Usiweke alama ya kuanza pamoja na kompyuta mpaka mpangilio umekaa siku tatu nne bila kusumbua, la sivyo unaweza kujikuta huwezi hata kuingia Windows kwa utulivu.

Kwa kadi za AMD kama RX 570 na RX 580, fanya ndani ya programu ya AMD yenyewe. Nyingi hutoka kiwandani na milivolti 1150 kwenye ngazi ya juu. Shuka kwa 25 kila mara, na kadi nyingi hukubali kati ya 1075 na 1100. RX 580 hutumia hadi wati 185, kwa hiyo nafuu yake inasikika hata kwenye mlio wa feni. Ikiwa kadi ilitoka kwenye uchimbaji wa sarafu za kidijitali, angalia ukingo wa juu wa bodi: baadhi zina swichi ndogo ya kuchagua kati ya BIOS mbili (programu ndogo ndani ya kadi inayopanga kasi na volti zake). Zima kompyuta, isogeze upande wa pili, upime tena. Mchimbaji huenda alibadilisha BIOS moja na kuiacha ya pili kama ilivyotoka kiwandani.

Kama hupendi michoro, shusha tu kikomo cha umeme hadi asilimia 80. GTX 1070 ya wati 150 itabanwa kwenye 120, na kasi inayopotea ni ndogo kuliko joto linaloondoka.

Vumbi, chumvi na salfa

Puliza vumbi nje ya nyumba, na ushikilie panga za feni kwa kidole. Feni inayozungushwa na upepo wa blowa hupita kasi yake, ikaharibu beringi na hata kurudisha umeme kwenye bodi. Usiende kwenye pampu ya gereji ya kujaza matairi. Upepo ule umebeba maji na mafuta ya kompresa, na vumbi lililolowa mafuta halitoki tena kwa brashi.

Pwani, hata hivyo, kupuliza hakumalizi kazi. Upepo wa bahari huacha utando wa chumvi kwenye mapezi. Chumvi hunywa unyevu, unyevu hushika vumbi, na baada ya miezi michache kuna ganda ambalo blowa haliligusi. Dalili ni unga mweupe kwenye alumini na kutu ya kijani kwenye mabomba ya shaba. Dawa ni kuosha hitisinki peke yake, ikiwa imetolewa kwenye bodi, feni na pedi (vipande laini vya kupitisha joto la memori) zikiwa pembeni: maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki laini. Suuza kwa maji ya chupa au ya mvua. Visima vingi vya ukanda huu vina maji ya chumvi, na ukisuuzia hayo utakuwa umeirudisha chumvi uliyoitoa. Anika juani mpaka pakauke hata katikati ya mapezi. Nusu siku si nyingi.

Walio Tandahimba, Newala, Masasi au Nachingwea wana adui mwingine. Mikorosho inapopuliziwa salfa ya unga, kati ya Juni na Septemba hivi, unga huo husafiri. Salfa huishambulia shaba na fedha, na unyevu huichochea. Msimu huo funga madirisha alfajiri wakati wa kupuliza, weka kitambaa chembamba cha chujio mbele ya feni za kuingiza hewa, na hakikisha feni zinazoingiza ni nyingi au zina nguvu kuliko zinazotoa, ili hewa isijipenyeze kwenye nyufa zisizo na chujio. Kioshe kila wiki mbili. Chujio lililoziba hupandisha joto kuliko kutokuwa nalo kabisa.

Mwenye kiyoyozi asidhani ameepuka. Ukikipoza chumba hadi nyuzi 19, ukazima kila kitu na kufungua madirisha hewa ya masika ikaingia, chuma baridi kitatoa jasho kama chupa ya soda. Kompyuta ikizimwa, acha madirisha yafungwe mpaka chumba kijipashe chenyewe.

Kubadilisha pesti na pedi

Hapa ndipo kadi hufa mikononi mwa watu, basi twende taratibu.

Endesha gemu dakika 10 ili pesti ya zamani ilainike. Zima, chomoa waya wa ukutani, subiri dakika chache, gusa chuma cha kasha kuondoa umeme tuli. Legeza skrubu za nyuma ya kasha, bonyeza klipu ya mwisho wa soketi, na utoe kadi. Ilaze kwenye kitambaa, feni zikitazama chini. Piga picha kila hatua. Skrubu ziweke kwenye karatasi uliyochora umbo la kadi, kila moja mahali ilipotoka, maana ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa hadi kwenye njia za umeme.

Skrubu nne zenye springi kuzunguka chipu zifunguliwe kwa msalaba, nusu mzunguko kila moja. Hitisinki ikigoma, izungushe kidogo kushoto na kulia mpaka iachie. Usiitie bisibisi na kuibetua. Kona ya chipu hukatika kama kigae. Usiinyanyue kwa ghafla pia, kwa sababu waya wa feni ni mfupi na uko chini yake. Shika plagi yake, usivute nyaya.

Futa pesti ya zamani kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisichotoa nyuzi. Spiriti ya duka la dawa wakati mwingine imechanganywa na mafuta. Dondosha tone kwenye kioo. Ikikauka na kuacha utelezi, iache. Petroli na thina hazifai kabisa, zinakula plastiki. Dawa ya meno, ambayo bado watu wanashauriana kuitumia, hukauka ndani ya siku chache na kuacha mabonge.

Chipu ya kadi ya grafiki haina kifuniko cha chuma kama prosesa, kwa hiyo kila sehemu isiyofunikwa na pesti inaungua peke yake. Weka kiasi cha punje ya choroko, usambaze kwa kadi ya plastiki mpaka chipu yote ifunikwe kwa tabaka jembamba. Chagua pesti nzito. Ile nyepesi husukumwa nje kidogo kidogo kila kadi inapopata moto na kupoa, na baada ya miezi kadhaa joto linarudi lilikokuwa. Kwa joto la huku bora zaidi ni karatasi ya Honeywell PTM7950, inayolainika ikifika nyuzi 45 hivi na haisukumwi nje kirahisi. Ikate izidi chipu kidogo pande zote, uiweke kwenye friji dakika 20 kabla ya kubandua nailoni zake. Kwenye chumba cha nyuzi 31 bila friji itakuchanikia mkononi. Metali ya maji (liquid metal), ambayo wengine huitumia badala ya pesti, usiiguse: ina galiamu, inayokula alumini, na tone moja likivuja linaunguza bodi.

Pedi za memori zinadai uangalifu kuliko pesti. Unene wake huwa milimita 0.5, 1, 1.5 au 2, na kadi moja inaweza kuwa na aina mbili. Pima ya zamani pembeni, mahali ambapo haikubanwa. Ukiweka ya 2 palipotakiwa 1.5, hitisinki itainuka kwa unywele tu, na chipu itawaka nyuzi 20 zaidi kuliko ulivyoanza. Ikiwa pedi za zamani bado laini na hazijachanika, zirudishe zilezile. Kabla ya kufunga moja kwa moja, bana skrubu nne, fungua tena na utazame: kila pedi iwe na alama ya memori, na pesti iwe imeenea hadi pembe zote. Kisha ongeza pesti kidogo na ukaze kwa msalaba, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, mpaka skrubu zenyewe zigome. Usilazimishe zaidi ya hapo.

Feni

Feni inayoyumba ukiigusa au inayokwaruza ikianza imekwisha. Tone moja la mafuta ya cherehani chini ya stika ya katikati huinyamazisha kwa wiki kadhaa, muda wa kutosha kuagiza nyingine. Soma namba iliyo mgongoni, pima kipenyo cha panga na umbali wa matundu ya skrubu, hesabu pini za plagi, na umtumie muuzaji picha.

Ikikosekana, ondoa fremu ya plastiki na ufunge feni mbili za kasha za milimita 92 au 120 juu ya mapezi kwa tai za plastiki. Zitakula nafasi ya milimita 25, basi pima kama kasha linaruhusu. Zichomeke kwenye bodi kuu, zisizidi ampea 1 kwa soketi moja, na utumie programu ya bure ya FanControl ili zifuate joto la kadi. Zikiachwa zifuate prosesa zitalala wakati kadi inaungua.

Ukimaliza yote, rudia jaribio la dakika 20 na utoe joto la chumba. Andika tofauti na tarehe kwenye plasta, uibandike ndani ya kasha. Ikipanda kwa nyuzi 8 siku za usoni, anza na chujio na mapezi kabla ya kufikiria pesti. Na kama kadi imepoa vizuri lakini bado inatoa mistari na vidoti vya rangi kwenye skrini, hiyo ni memori au solda yake. Kuipika kwenye oveni huirudishia uhai wa siku chache tu na kujaza jiko moshi wa sumu. Ipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kubadilisha chipu, au iuze kama spea na umwambie mnunuzi ukweli.