Kabla Hujasema Hedi Imekufa: Mashine ya Mabango na Kiangazi cha Dodoma

Bunge la bajeti likianza Aprili, simu za mabango huanza kuita, na Nane Nane ya Nzuguni ikikaribia hazinyamazi. Shida ni kwamba kadiri kazi zinavyoongezeka ndivyo mvua inavyoaga. Hewa inakauka mpaka midomo inapasuka, na upepo unaingiza vumbi hata kwenye duka lililofungwa madirisha. Kwa hiyo ukaguzi huu wa mashine ya kuchapa mabango ufanye Mei, au Juni mwanzoni ukichelewa. Usingoje usiku ambao mteja amekaa kwenye benchi akisubiri bango lake la mita sita.

Anza na karatasi ya testi, ile ya mistari inayoonyesha noseli zipi zinatoa wino. Ichape leo mashine ikiwa nzima, andika tarehe, bandika ukutani. Hedi, yaani kichwa kinachorusha wino, ya aina ya DX5 ina noseli 1,440 na ya XP600 ina 1,080, kila moja ni tundu jembamba kuliko unywele, kwa hiyo kukosa mistari miwili mitatu si msiba. Cha kutazama ni tabia ya pengo. Chapa testi mara tatu mfululizo bila kusafisha katikati. Pengo likibaki palepale, kuna wino uliokauka kwenye noseli hizo. Likihamahama, hewa imeingia kwenye njia ya wino. Rangi ikianza vizuri kisha ikafifia baada ya mita moja mbili, hedi haijaziba, ina kiu: kichujio cha dampa, kijikasha ambamo wino unapita kwenda kwenye hedi, kimejaa uchafu, mrija umekunjika mahali, au tenki linakaribia kukauka. Mistari ikipinda, tazama uchafu au unyuzi ulioganda kwenye uso wa hedi. Na rangi nzima ikitoweka ghafla ilhali pampu inavuta wino wake kama kawaida, achana na wino kwanza. Zima mashine, chomoa waya ukutani, ndipo ukague kebo bapa zinazoingia kwenye hedi. Tone moja la wino kwenye kebo hiyo, umeme ukiwa unapita, linaweza kuua hedi na bodi kwa pamoja.

Hilo la kiu liliwahi kunitia hasara. Rangi ya majenta ilikuwa inakata kila bango likifika nusu, na fundi niliyemwita akatamka kwamba hedi imekwisha. Nikaagiza nyingine Kariakoo, ikafungwa, majenta ikakata palepale. Kumbe ni dampa, kijikasha cha plastiki cha bei ya sahani chache za wali, ndiyo ilikuwa imeziba. Tangu hapo dampa nazibadilisha seti nzima kabla ya msimu, hata zikiwa bado zinaonekana nzima.

Kinachoua hedi nyingi hapa kwetu, kwa maoni yangu, ni kaptopu. Ndiyo inayoifunika hedi usiku, na mpira wake ukipata ufa au ukishikwa na wino mkavu, hewa kavu ya Julai inakesha ikinyonya noseli. Kuipima hakuhitaji kifaa. Sogeza hedi pembeni, jaza kaptopu kwa dawa ya kusafishia, subiri dakika tano pampu ikiwa imezimwa. Dawa ikishuka yenyewe, kuna mahali inavuja: kwenye mrija wa chini au kwenye pampu. Kisha washa pampu. Dawa inatakiwa iondoke mara moja, na ikisuasua pampu imechoka au mrija umeziba. Mpira ufute kwa kijiti cha sponji, si pamba ya dukani, maana pamba inaacha nyuzi. Waipa, ule mpira unaopangusa uso wa hedi, nayo ifutwe kila siku, kwa sababu ikiwa chafu inapaka wino wa rangi moja kwenye noseli za rangi nyingine, halafu unashangaa njano imegeuka kijani. Jioni dondosha matone machache ya dawa kwenye kaptopu, kisha hakikisha hedi imekaa juu yake sawasawa.

Kuhusu hewa yenyewe, nunua kipimo cha unyevu. Ni kidogo na si ghali. Mashine nyingi zinataka unyevu wa kati ya asilimia 40 na 60, na chumba chenye feni mchana kutwa wakati wa kiangazi kinashuka chini ya hapo bila wewe kujua. Kuna mashine maalumu za kutoa unyevu. Asiye nayo aweke beseni la maji na taulo mbichi karibu na mashine, mbali na nyaya, na feni isielekezwe kwenye hedi. Kinachosumbua si kukauka kwa wino tu. Fleksi, ile plastiki ya kuchapia bango, inapofunguka kwenye roli katika hewa kavu inazaa umeme wa msuguano, ule unaolia unapovua sweta. Umeme huo unavuta vumbi, na matone ya wino yanatawanyika kama ukungu pembeni mwa herufi. Watu wengi wakiuona ukungu huo wanakimbilia kusafisha hedi.

Hapa ndipo ethi, waya unaoupeleka umeme huo ardhini, inapoingia, na ndipo mafundi wengi wa mabango hawatazami. Nondo ya ethi iliyochimbiwa Februari kwenye udongo mbichi inaweza isifanye kazi Agosti, kwa sababu udongo wetu ukikauka haupitishi umeme vizuri. Mwite fundi umeme aipime, aongeze chumvi na mkaa shimoni ikibidi, nawe uwe unamwagia maji pale kila wiki.

Wino usichanganye. Wa kampuni moja ukikutana na wa nyingine ndani ya mrija unaweza kuganda kama maziwa yaliyochacha. Dawa ya kusafishia iwe ya wino huohuo. Mashine ya wino wa eko-solventi, ambao si wino wa maji, usiipe maji wala tina ya rangi ya magari. Tazama tarehe ya mwisho kwenye chupa na uagize mapema, maana hata kama treni ya SGR inafika hapa tangu 2024, dukani Dar wanaweza kukuambia siani, wino wa buluu, imekwisha.

Testi ikiwa mbaya, usafishaji wa nguvu usizidi mara tatu. Baada ya hapo unaingiza hewa na kumwaga wino bure. Lowesha hedi kwa dawa kwenye kaptopu, uende kula, urudi baada ya saa moja. Ukilazimika kutumia sirinji, acha dawa ishuke kwa uzito wake. Ukiisukuma kwa dole gumba unaweza kupasua ndani ya hedi, na hilo halitengenezeki.

Fleksi yenye kingo zilizokunjika ikate kabla ya kuipakia, na hedi ipande milimita 2 hadi 3 juu yake, la sivyo itakwaruzwa.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, hedi inabaki wazi juu ya bango. UPS, ile betri ya akiba, haihitaji kuendesha kazi yote, inatosha impe mtu dakika za kuirudisha hedi kwenye kaptopu. Kama huna, jifunze sasa namna ya kuirudisha kwa mkono, kwa sababu kila mashine ina yake: nyingine unasukuma tu, nyingine lazima kwanza ushushe kaptopu kwa kuzungusha gia. Mfundishe na kijana wa zamu ya usiku, umfanyishe mara mbili taa zikiwa zimezimwa, tochi ya simu mdomoni.