Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumtoa Mtoto na Baiskeli Malindi

Likizo ya Agosti ikiingia, wazazi hununua baiskeli ya magiya, wakampandisha mtoto, wakaelekea popote penye mandhari. Mandhari Malindi tele. Yako mambo ya kuuliza kwanza, na uyaulize kabla hujafungua geti.

Kofia ngumu ni lazima. Maji ya kunywa vilevile, kila mtu na chupa yake. Akikaa kitini, ncha za miguu yote miwili ziguse chini. Breki azijaribu mtoto mwenyewe, kwa vidole vyake, maana vishikio vingine viko mbali mno kwa mkono mdogo. Usimnunulie baiskeli kubwa eti atakua nayo. Anayejifunza anahitaji inayomtosha leo.

Njia iwe tambarare na fupi. Kwa mtoto wa miaka saba au minane, kilomita tano kwenda na kurudi zatosha kabisa mara ya kwanza. Barabara kuu ya Mombasa ifute kwenye hesabu, kwa sababu matatu na malori hayamsubiri mtoto anayeyumba. Marafa nako, picha za yale makorongo ya Nyari zinavutia, lakini ni mbali, kuna vumbi, jua na milima. Mpeleke kwa gari akatembee kwa miguu.

Gede ni pazuri. Ni kilomita 16 hivi kusini mwa mji, kwa hiyo pakieni baiskeli juu ya gari, muendeshe vijia vya karibu na magofu, kisha mziache langoni. Ndizi zifungeni ndani ya mkoba, kima wa pale hawaombi. Msitu wa Arabuko-Sokoke una barabara za udongo zenye kivuli, ila una ndovu pia, tena si wa hadithi. Pita kwanza kituo cha msitu cha Gede, uliza kama baiskeli zinaruhusiwa siku hiyo na upande upi ndovu wameonekana, na usiingie bila mtu anayeujua msitu.

Sasa ufuo, na hapa nisikilize vizuri, kwa kuwa ndiko kila mtu anakotaka kwenda.

Jirani yangu alikuwa na mpwa wake wa miaka minane kutoka Nairobi. Siku hiyo ilikuwa bamvua, yaani siku maji yanapokupwa na kujaa kupita kawaida. Saa tano asubuhi maji yalikuwa yamekupwa mbali, mchanga mpana, mgumu kama sakafu. Wakaanza karibu na mjini kuelekea kaskazini, mpaka mlango wa mto Sabaki. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ilikuwa inavuma mgongoni. Mtoto hakuwa na kazi ya kukanyaga, anateleza tu huku akicheka, na mjomba wake akaamini kwamba kijana ni hodari. Kumbe aliyekuwa hodari ni upepo.

Walipogeuza, mambo yote mawili yaliwageukia pamoja. Upepo ukawa wa usoni, na maji yakawa yanajaa. Siku za bamvua pwani yetu hukupwa sana kama saa nne au tano asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni, na kasi huwa kubwa zaidi katikati ya muda huo, yaani saa ileile waliyokuwa wanarudi. Mchanga mgumu ukafunikwa, wakasukumwa juu kwenye mchanga laini, magurudumu yakawa yanazama. “Mjomba, miguu haiendi,” mtoto akasema, na baada ya hapo hakusema tena. Wakakokota baiskeli juani, chupa moja ya maji imekwisha. Mwishowe wakakata vilima vya mchanga wakatokea barabara ya Mambrui, ndipo nikapigiwa simu. Nilipofika na tuktuk, midomo ya mtoto ilikuwa imepasuka na macho yamejaa mchanga. Hakuumia popote. Lakini ile baiskeli iliegemea ukuta likizo nzima, na kila ukimwambia twende, anaangalia chini. Mimi jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu lilikuwa la kuzuilika kwa swali moja kwa mvuvi yeyote.

Basi panga kurudi kabla ya kupanga kwenda. Anza kwa kupingana na upepo, ili upepo ndio umrudishe mtoto nyumbani akiwa amechoka. Wakati wa kusi, tangu Aprili hivi mpaka Septemba, anzeni kuelekea kusini. Wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, Desemba mpaka Machi, anzeni kuelekea kaskazini. Maji nayo, tokeni yakiwa bado yanakupwa, si yakiwa yamekwisha kukupwa, na mgeuze kabla hayajaanza kurudi. Kila siku husogea mbele karibu dakika 50, kwa hiyo saa ya jana si ya leo. Ukiona mwezi mwandamo au mwezi mpevu, jua bamvua imefika. Maji mafu, yale ya siku za kati ya bamvua na bamvua, hayakimbii hivyo, lakini mchanga unaoachwa ni mwembamba. Na mlango wa Sabaki una viboko na mamba, msikae kandokando ya mto ule hata kwa picha.

Vijia vya bara vina mbigili, beba viraka, gundi na pampu. Kwenye mchanga punguza pumzi ya magurudumu kidogo, mkitoka ongeza. Jua likianza kuchoma saa tatu muwe mmeshapata madafu kivulini. Simu iwe na chaji, na nyumbani wajue mmeelekea wapi. Angalieni mbuzi wanaokatiza, mbwa wa ufuoni, na bodaboda zinazotokea vichochoroni bila honi. Mkirudi, baiskeli ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo na cheni itiwe mafuta. Chumvi haingoji asubuhi, na breki iliyoshika kutu haimsimamishi mtoto wiki ijayo.