Kurekebisha vinia iliyobanduka au kung'oka kwenye spika za zamani

Vinia, yaani utando mwembamba wa mbao unaobandikwa juu ya boksi la spika, kwenye maboksi ya miaka ya 1960 na 1970 mara nyingi haifiki unene wa milimita moja. Ukiisugua kwa pupa, chipubodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi) iliyo chini yake inatokeza, na hapo hakuna tena cha kuokoa. Kwa hiyo lengo hapa ni kuhifadhi vinia iliyopo, si kuvisha boksi upya.

1. Vua kila kinachofunguka

Laza boksi chali, tia alama kwenye nyaya za chanya na hasi, kisha toa spika za ndani. Zifunike kwa nailoni na uziweke mbali na meza ya kazi: sumaku huvuta chembe za chuma, na zikiingia kwenye mwanya wa koili (waya uliozungushwa unaotikisa spika) sauti itakwaruza. Mashimo yaliyobaki yazibe kwa kadibodi.

2. Tambua mbao kabla ya kuigusa

Angalia ukingo wa shimo la spika. Hapo utaona unene halisi wa vinia. Mtiki na wolnati hupatikana kwa urahisi. Rozwudi ya Brazili, Dalbergia nigra, imo tangu 1992 kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka, hivyo usitegemee kuagiza kipande kutoka nchi nyingine. Kama sehemu ya chini ya boksi imevishwa vinia ileile, hiyo ndiyo akiba bora ya kiraka. Ila kumbuka kwamba rozwudi na wolnati hupauka kwa mwanga. Kipande cha chini kitakuwa cheusi zaidi. Kianike kwenye mwanga wa dirisha kwa wiki kadhaa kabla ya kukitumia.

3. Sehemu iliyobanduka

Gonga kwa ukucha. Panapolia kama patupu, gundi imeachia. Tandika kitambaa safi, pitisha pasi kavu yenye moto wa wastani kwa sekunde kumi hivi, kisha kandamiza mara moja kwa kipande kizito cha mbao mpaka papoe. Gundi nyingi za zamani, pamoja na gundi nyeupe, hulainika kwa joto na kushika tena. Usitumie mvuke kamwe: chipubodi ikinywa maji huvimba, na ikikauka hairudi ilivyokuwa.

Isiposhika, chana kwa wembe kufuata nyuzi za mbao, ingiza gundi ya mbao kwa bomba la sindano, sambaza kwa kukandamiza kwa kidole, na ufute inayotoka. Weka nailoni, juu yake ubao bapa, kisha kaza klampu. Usianze msasa kabla ya saa 24 kupita. Gundi bado ina maji, na ukisawazisha mapema patabaki bonde pakikauka.

4. Kiraka

Usikate mraba. Mkato unaokatiza nyuzi huonekana kutoka mbali, ilhali umbo la mtumbwi, lenye ncha mbili upande wa nyuzi, hujificha. Bandika vinia mpya juu ya jeraha kwa selotepu, nyuzi zikielekea upande mmoja, na ukate tabaka zote mbili kwa pamoja. Pitisha kisu kikali mara nyingi kwa wepesi. Ukilazimisha mkato mmoja, kisu hufuata nyuzi na kupotoka. Ondoa vinia mbovu na gundi kuukuu kwa patasi.

Rozwudi ina mafuta yanayozuia gundi, kwa hiyo ifute kwa asetoni na ubandike papo hapo. Kama vinia mpya ni nyembamba kuliko ya zamani, tanguliza chini yake karatasi iliyopakwa gundi. Kiraka kikitokeza kidogo ni afadhali kuliko kikizama: kishushe kwa msasa namba 180 uliofungwa kwenye kibao, malizia na 220. Vaa barakoa, maana vumbi la rozwudi huwasha ngozi na mapafu.

5. Rangi na mafuta

Kagua rangi mbao ikiwa imeloweshwa kwa spiriti nyeupe (white spirit, ya kuzimulia rangi ya mafuta), kwa sababu mbao kavu hudanganya. Kwa mtiki na wolnati, paka mafuta ya mbao, kama ya kitani, kwa wepesi na ufute baada ya dakika 15. Kwa rozwudi anza na shelaki (vanishi ya utomvu wa wadudu) nyembamba, kwani mafuta yake ya asili huchelewesha ukaukaji wa vanishi nyingi. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vitandaze nje vikauke; vikirundikwa vinaweza kujiwasha moto.