Naan msiagize zote kwa mpigo
Kwenye mikahawa midogo ya Kihindi, kama ile ya Kisutu, Dar es Salaam, naan, yaani mkate bapa, iliyobandikwa kwenye ukuta wa tanuri huiva kwa dakika 2 hivi. Kwa hiyo mkiwa wanne, agizeni 2 kwanza, nyingine mchuzi ukishafika mezani. Ikipoa hukakamaa kama ngozi. Ukiirundika kikapuni, mvuke huilowesha ya chini. Chana kipande kwa mkono wa kulia, kikunje kama kijiko, uchote.

Pilipili ikikuzidi, usikimbilie maji, maana ukali wake hauyeyuki majini, unasambaa tu mdomoni. Omba raita, yaani mtindi wenye matango, au lasi, kinywaji cha mtindi. Protini ya maziwa ndiyo inayouondoa ukali ule ulimini.